Ubishi wa Damu ya Ziwani

AMALEMBA, Kakamega

Juni 19 ni Siku ya Selimundu Duniani. Umoja wa Mataifa uliitambua kwa azimio la Desemba 2008, na tangu hapo kila mwaka tunasikia hotuba na kuona picha za viongozi wakishika mabango. Mimi ningependa siku hiyo itumike pia kuwakumbusha majirani zangu wa Amalemba, na mji mzima wa Kakamega, kwamba sehemu kubwa ya yale ambayo dunia inayajua kuhusu ugonjwa huu ilitoka kwenye damu ya watu wa upande wetu huu wa nchi. Watu hao walitoa damu, wengine wakatoa zaidi ya damu, na watoto wao hadi leo wanazaliwa na kwenda nyumbani bila kupimwa.

Kabla ya historia, inafaa tuitazame damu yenyewe. Damu ni tishu unganishi. Wengi hushangaa kusikia hivyo, maana tishu unganishi wanazozijua ni kano inayoshikiza msuli kwenye mfupa, gegedu ya sikio na pua, mafuta yaliyo chini ya ngozi, au mfupa wenyewe. Lakini kanuni ni ile ile. Tishu za jamii hii zina seli zilizoachana, na katikati yake kuna kitu kisicho seli ambacho ndicho kinachobeba kazi kubwa. Kwenye kano ni nyuzi za kolajeni zilizolala sambamba, ndiyo sababu kano huvutwa kwa nguvu bila kukatika. Kwenye mfupa ni kolajeni hiyo hiyo, ila imejazwa chumvi za kalsiamu na fosfeti ikawa ngumu. Kwenye damu kitu hicho ni majimaji, yaani plazma, ambayo ni zaidi ya nusu ya damu yote. Hata nyuzi zimo ndani ya plazma, ila zimeyeyuka. Ukijikata ndipo protini iitwayo fibrinojeni hugeuka kuwa nyuzi za kweli na kuziba jeraha.

Kazi za tishu hizi ni nyingi kuliko jina lake linavyodokeza. Zinashikiza viungo, zinabeba uzito wa mwili, zinaweka akiba ya mafuta na madini, zinapigana na viini vya magonjwa, na hiyo moja ya majimaji inasafirisha hewa na chakula hadi kwenye kidole cha mwisho. Mfaransa Xavier Bichat alikuwa ameshaorodhesha aina 21 za tishu za mwili mwaka 1801, na hakutumia hadubini. Wenzake wa karne ile walipoanza kutazama kwa hadubini waliona kwamba nyingi ya hizo zina asili moja tangu mtoto akiwa tumboni. Na mtu akishazaliwa undugu huo hauishi: chembechembe nyekundu za damu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, tishu unganishi moja ikizaa nyingine.

Undugu huu ndio unaoeleza kwa nini mtoto mwenye selimundu hulia kwa maumivu ya mifupa ilhali ugonjwa wake uko kwenye damu.

Chembe nyekundu ya kawaida ni duara, imebonyea katikati, ni laini, na huishi takriban siku 120. Imejaa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni. Kwa mwenye selimundu, hemoglobini hiyo ina kasoro ndogo mno: katika mnyororo mmojawapo wa protini, nafasi ya sita, asidi amino aina ya glutamati imepokonywa nafasi na valini. Basi. Lakini hemoglobini hiyo ikishaachia oksijeni, molekuli zake hushikana na kujipanga kuwa fito ndefu ndani ya chembe, na chembe hupinda ikawa na umbo la mundu. Inakuwa ngumu. Katika mishipa myembamba kabisa chembe hizo hukwama kama matatu kwenye lango la stendi siku ya soko, na zilizo nyuma nazo hukwama. Kilicho mbele ya msongamano huo hukosa hewa: mfupa, wengu, mapafu, wakati mwingine ubongo. Chembe zenyewe huvunjika baada ya siku 10 hadi 20 tu, na uboho, hata ukifanya kazi usiku na mchana, hauwezi kufidia.

Mtoto huupata ugonjwa huu akirithi kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Hospitali huandika SS. Aliyerithi upande mmoja huandikwa AS, naye kwa kawaida haumwi wala hajui. AS wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Neno la kuzingatia ni “kila”: kuzaliwa kwa mtoto mmoja mgonjwa hakumkingi anayefuata.

Historia inayofundishwa huanzia Chicago. Mwaka 1910 daktari James Herrick alichapisha habari za kijana kutoka Grenada, mwanafunzi wa udaktari wa meno aitwaye Walter Clement Noel, ambaye damu yake ilikuwa na chembe za umbo la ajabu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko California walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti, na mwaka huo huo James Neel akaeleza jinsi ugonjwa unavyorithiwa. Vernon Ingram alikuja kuitambua ile asidi amino moja iliyobadilika, mwaka 1956 na 1957. Hayo yamo katika kila kitabu cha biolojia na sina haja ya kuyarefusha.

Kinachotuhusu sisi kilitokea huku. Ninaegemea sana simulizi aliyoiandika mhusika mkuu mwenyewe, Anthony Allison, katika jarida la Genetics mwaka 2004 akiwa mzee. Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia kwenye shamba la familia karibu na Gilgil. Alisoma Witwatersrand, kisha akaenda Oxford. Mwaka 1949, kabla hajamaliza masomo ya udaktari, alijiunga na msafara wa chuo hicho uliokuja Mlima Kenya. Wenzake walikusanya mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu za watu, akazunguka nazo kutoka pwani hadi ziwani.

Kipimo kilikuwa rahisi, na ningependa msomaji akione. Unamchoma mtu kidole. Tone moja la damu linawekwa kwenye kipande cha kioo, linachanganywa na tone la dawa iitwayo sodiamu metabisulfaiti, ambayo hunyonya oksijeni yote. Unafunika kwa kioo kingine chembamba, unasubiri, kisha unachungulia kwa hadubini. Damu ya mtu wa kawaida inabaki duara tupu. Damu ya AS, ambayo muda mfupi uliopita ilikuwa haina tofauti yoyote, inaanza kupinda mbele ya macho yako, chembe moja baada ya nyingine, mpaka eneo zima la kioo linajaa miundu midogo. Huhitaji maabara kubwa. Meza na hadubini vinatosha, hata chini ya mwembe.

Alichokiona Allison kilimkosesha usingizi. Kwa watu wa nyanda za juu zenye baridi na sehemu kavu, wenye AS walikuwa chini ya asilimia 1. Kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria walizidi asilimia 20. Tofauti hiyo haikufuata lugha. Waluo na majirani zao wanaosema lugha za Kibantu, ambao asili zao ni mbalimbali kabisa, walikuwa kundi moja kwenye hadubini, kwa sababu tu walikuwa wakiishi nchi moja.

Huko Uganda, Hermann Lehmann na Alan Raper walikuwa wamepima pia, na matokeo yao yalitoka kwenye jarida la Nature mwaka huo huo wa 1949. Waliona kwamba kwa Waamba wa Bundibugyo, chini ya Milima Rwenzori, asilimia 45 walikuwa na damu hiyo, ilhali kwa baadhi ya makabila mengine ilikuwa nadra. Wao walitafuta jibu kwenye historia ya kuhama kwa makabila: nani alitoka wapi, nani alioana na nani. Ni swali la kikoloni la wakati ule, kila kitu kilikuwa kabila. Allison alitazama ramani hiyo hiyo akaona mbu.

Fumbo lilikuwa hili. Zama zile mtoto wa SS karibu kila mara alikufa kabla hajafikia umri wa kuzaa. Kila kizazi kilizika sehemu ya kasoro hiyo pamoja na watoto wake. Ilipaswa kwisha zamani. Kwa nini basi ilikuwa imejaa hivyo ziwani na pwani, tena penye malaria kali? Allison akafikiri kwamba AS, yule asiyeumwa, ana kinga fulani dhidi ya malaria, na kwamba faida yake ndiyo inayofidia msiba wa SS. Hakuchapisha wazo hilo. Alirudi Oxford kumaliza udaktari, akahitimu mwaka 1952, na mwaka uliofuata akarudi Afrika Mashariki kulijaribu.

Karibu na Kampala alipima watoto 290 wa Kiganda, wa miezi mitano hadi miaka mitano. Miongoni mwa 43 wenye damu ya mundu, 12 walikutwa na vimelea vya malaria, yaani asilimia 28 hivi. Miongoni mwa 247 wasio nayo, 113 walikutwa navyo, karibu asilimia 46. Hapo angeweza kuishia.

Hakuishia. Alichukua wanaume 30 Waluo, watu wazima, ambao kwa angalau miezi 18 hawakuwa wameishi penye malaria. 15 walikuwa AS, 15 hawakuwa nayo. Akawaambukiza malaria kwa makusudi, malaria ya falsiparamu, ile inayoua; wengine kwa kuwatia damu yenye vimelea, wengine kwa kuwaachia mbu wawaume. Kati ya 15 wasio na damu ya mundu, 14 walipata malaria. Kati ya 15 wenye AS, wawili tu. Wakapewa dawa. Makala ikachapishwa katika British Medical Journal mwezi Februari 1954, na jina la Allison likaingia katika kila kitabu kinachoeleza jinsi mazingira yanavyochonga miili ya binadamu. Mfano huo bado ndio unaotolewa kwanza katika vyuo vikuu vya dunia, na bila shaka ndio anaoukuta mwanafunzi wa Masinde Muliro hapa hapa mjini.

Nikifika hapo kwenye simulizi hiyo kila mara nasimama. Allison anaandika kwamba walikuwa watu wa kujitolea, na sina sababu ya kumwita mwongo. Lakini tukumbuke mwaka wenyewe. Ni 1953. Kenya iko chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Mwafrika mwanamume anatembea na kipande mfukoni, na Mzungu mwenye kalamu na sindano ana uzito ambao hauwezi kulinganishwa na wake. Kanuni za Nuremberg kuhusu ridhaa ya mtu anayefanyiwa majaribio zilikuwa zimeandikwa tangu 1947. Azimio la Helsinki lingekuja 1964. Wanaume wale walikubali kuugua ugonjwa ambao, kama wazaliwa wa ziwani, walijua umewaua ndugu zao wangapi. Dunia inamjua Allison kwa jina na picha. Hao inawajua kwa kabila na idadi. Walikuwa majirani zetu, mwendo wa saa chache tu kutoka Kakamega, na wajukuu wao huenda wanasoma makala hii bila kujua kwamba babu yao yumo katika vitabu vya biolojia.

Wanasayansi wenyewe waligombana, ila si kwa sababu hiyo. Ugomvi wao ulikuwa kama Allison alikuwa sahihi, na kama alikuwa wa kwanza.

Kuhusu nani alikuwa wa kwanza, E. A. Beet, daktari aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, alikuwa ameandika mwaka 1946 kwamba wenye damu ya mundu walionekana kuwa na vimelea vichache. Raper naye alikuwa ameshadokeza jambo la aina hiyo. Mwingereza J. B. S. Haldane alikuwa amefikiria vivyo hivyo mwaka 1949 kuhusu ugonjwa mwingine wa damu, talasemia ya watu wa Mediterania. Kwa hiyo wazo lilikuwa hewani. Kwa maoni yangu haki ya Allison ni kwamba aliliunganisha na ramani, kisha akalipima.

Kuhusu usahihi, vita vilikuwa vikali zaidi. Mwaka 1955 Henry Foy na Athena Kondi, waliokuwa na maabara Nairobi, walichapisha uchunguzi wao pamoja na wenzao na hawakuona uhusiano aliouona Allison. Huko Marekani jaribio kama lake la watu wazima nalo halikutoa jibu lake. Wakosoaji walisema mtu mzima aliyekulia ziwani tayari ana kinga ya kuugua mara nyingi utotoni, hivyo jaribio la wanaume 30 halithibitishi kitu. Raper, aliyepima watoto Uganda, alileta mwanga: tofauti kubwa ilionekana kwa watoto wadogo, na zaidi katika wingi wa vimelea kuliko katika kuwa navyo au kutokuwa navyo.

Jibu la ugomvi lilikuwa umri. Mtoto huzaliwa na kinga ya mama yake, nayo humwishia katika miezi ya kwanza. Akishaugua na kupona mara nyingi hujenga kinga yake mwenyewe. Katikati kuna kipindi cha hatari ambacho mwili hauna cha mama wala cha kwake. Hapo ndipo AS inapookoa. Chembe yake ikiingiliwa na kimelea hupinda upesi, na wengu huiondoa kabla kimelea hakijazaana.

Uthibitisho mzito ulipatikana jirani yetu kabisa, Asembo, kando ya ziwa. Utafiti wa watoto zaidi ya 1,000 uliochapishwa katika The Lancet mwaka 2002 ulionyesha kwamba kati ya umri wa miezi 2 na 16 watoto wa AS walikufa kwa kiasi kisichofika nusu ya vifo vya wenzao. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Kilifi wakaonyesha kwamba AS hupunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90. Allison aliishi kuyaona yote hayo. Alifariki California mwaka 2014.

Tangu hapo mambo mazuri yametokea, na nayataja kwa haraka. Dawa ya haidroksiyurea, inayoamsha tena hemoglobini ya utotoni ambayo haipindi, ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na matokeo yakatoka Desemba 2018: maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, malaria ilipungua, na vifo pia. Mbale ni pale ng'ambo ya Mlima Elgon. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kutolewa Kenya Septemba 2019, na Kakamega ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za magharibi zilizoanza nayo.

Lakini kinga ya AS isichanganywe na hali ya SS, kosa ambalo hufanywa hata na watu waliosoma. Mtoto wa SS hana kinga hiyo kwa maana yoyote inayomfaa. Akipata malaria, damu yake ambayo tayari ni chache huvunjika zaidi, na malaria ni mojawapo ya vitu vinavyomuua.

Mzazi wa Amalemba hakai mbali na hospitali kuu ya kaunti. Hakai mbali na chuo kikuu. Hata hivyo katika nchi yetu kumpima kila mtoto mchanga selimundu bado si kawaida ya kila wodi ya kujifungulia, hata katika ukanda huu wa magharibi ambao wanasayansi wameupima tangu 1949. Mara nyingi familia hugundua kwa uchungu. Mtoto huzaliwa mzima, mnene, anacheka, kwa sababu damu yake bado ina hemoglobini ya tumboni. Hemoglobini hiyo hupungua kadiri miezi inavyosonga. Karibu na mwezi wa sita, asubuhi moja, viganja na nyayo zake vimevimba, vidole vimekakamaa, na hakubali kuguswa. Ni mifupa midogo ya vidole iliyokosa damu. Jirani mmoja atasema ni jini, mwingine atasema ametegwa na ndugu wa baba, na ndoa nyingi zimevunjika hapo hapo, mama akilaumiwa kwa kasoro ambayo nusu yake ilitoka kwa baba.

Kipimo cha siku hizi hakihitaji hata hadubini. Kuna vifaa vya mkononi vinavyotumia tone moja la damu kutoka kisigino cha mtoto na kutoa jibu kwa dakika chache, mama angali kitandani. Mtoto akijulikana mapema huanzishiwa penisilini kwenye mwezi wa pili, akaitumia hadi miaka mitano, kwa sababu wengu wake huharibika mapema na bakteria wa nimonia humuua kwa haraka. Faida ya dawa hiyo ilithibitishwa Marekani mwaka 1986, nayo ni ya bei ndogo na ya zamani. Mama hufundishwa kumpapasa tumbo upande wa kushoto ili ajue wengu ukivimba ghafla, kumnywesha maji mengi, kumvisha joto usiku wa mvua, na kumkimbiza hospitali akipata homa bila kungoja asubuhi. Kati ya siku ya kuzaliwa na ule uvimbe wa kwanza wa vidole kuna takriban miezi sita, na yote hayo yanaweza kuwa yameshaanza ndani ya miezi hiyo.